Vipunje Thelathini na Saba

Binti yangu Boram aliniungamia uongo aliowapa wazazi wa mchumba wake tukiwa tunamenya vitunguu saumu, maana kazi ile humpa mtu sababu ya kutomtazama mwenzake usoni.

"Mama, wazazi wa Giwon wakikuuliza unafanya kazi gani... nimeshawaambia uko kwenye biashara ya kutunza ngozi."

"Biashara ya ngozi?"

"Ndiyo."

"Ya vipodozi?"

"Sikufafanua. Wamejazia wenyewe."

Mimi ni msuguaji wa hamamu, bafu la umma. Huu mwaka wa ishirini na sita nimo kwenye mvuke wa upande wa wanawake hapa Jurye, jijini Busan, chupi nyeusi na sidiria nyeusi, glavu ya kusugulia mkononi, nawatoa nongo wanawake wa mtaa mzima. Nimewasugua maharusi, nimewasugua wajawazito, nimemsugua bibi wa miaka tisini na tatu aliyetaka kwenda kaburini akiwa msafi, na hajaenda hadi leo. Boram amesomea chuo kikuu kwa nongo za watu. Sasa anafanya kazi kwenye ofisi ya bima za meli, anavaa viatu vinavyolia sakafuni, na tangu akiwa darasa la sita hajakanyaga tena kwenye hamamu yangu. Kuna siku wanafunzi wenzake walikuja na mama zao wakamkuta ameshika ndoo pembeni yangu. Sijawahi kumlaumu. Lakini siku ile ya vitunguu saumu iliniuma, sitaficha, iliniuma mpaka nikajikata kidole.

"Haya," nikasema. "Mambo ya ngozi. Si uongo sana."

Hapo ndipo akaninyanyulia macho, akanitazama uso muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Basi Mama, hivyo vya chini ya macho, tuvitoe."

Alikuwa anasema vipunje vyangu. Nilikuwa navyo chini ya macho yote mawili na kwenye mashavu, vidogo, vyeupe, vigumu, saizi ya punje za mtama. Haviumi wala haviwashi. Mimi nilikuwa nadhani viko kama kumi hivi. Siku ya wazazi wa pande mbili kukutana ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tano Oktoba, na kweli, mwenye biashara ya ngozi hawezi kwenda kukutana na wakwe wa binti yake akiwa na mtama usoni. Nikakubali. Ningekubali hata kung'olewa meno.

Kliniki ipo Seomyeon, kwenye ile barabara ambayo kila ghorofa lina madaktari wa uso kuanzia chini hadi juu. Tulikwenda wiki ileile ya baada ya sikukuu ya mavuno. Daktari Pyo alikuwa kijana, au pengine mzee; kwa ngozi ile huwezi kujua. Alinivutia taa, akanisogezea kioo cha kukuzia.

"Havina madhara yoyote, mama. Ni vifuko vidogo chini ya ngozi. Ngozi kuukuu imekosa pa kutokea, ikajifungia humo ndani."

"Ngozi kuukuu ipi?"

"Ile ambayo kwa kawaida hutoka yenyewe."

"Nongo!"

Boram akanikanyaga mguu. Daktari akatabasamu. "Tukitaka kusema hivyo, sawa."

Jamani! Miaka ishirini na sita nawatoa watu nongo hadi za kwenye masikio, kumbe zangu zimejipangia vyumba usoni mwangu mwenyewe. Nilitaka kupasuka kwa hasira.

"Na ukivisugua havitoki," akaongeza daktari. "Vinazidi."

"Nani kakwambia nimevisugua?"

"Mashavu yako, mama. Usisugue tena."

Akanieleza kuwa leza itatoboa tundu dogo sana juu ya kila kifuko, kisha atakamua punje itoke. Baada ya hapo ni vibandiko siku tano mpaka saba, vigaga vianguke vyenyewe, nisiguse, nisikae juani, nisiingie kwenye mvuke wiki mbili nzima. Nesi wa mapokezi akaniandikia Jumatatu tarehe kumi na tatu, saa nne asubuhi. Boram akahesabu kwa vidole, akatosheka, akarudi kazini.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu, na nilijiharibia mwenyewe kwa akili zangu timamu.

Nyumbani, juu ya pipa la mchele, nina kalenda ya karatasi, ile yenye tarehe za kawaida kwa maandishi makubwa na tarehe za mwezi wa angani kwa maandishi madogo chini. Nikavaa miwani. Jumatatu ile ilikuwa ishirini na mbili kwa hesabu ya mwezi wa angani. Na kila mtu aliyelelewa na mama anajua kwamba siku zinazoishia na moja na mbili, pepo mzururaji, yule anayeharibu shughuli za watu wanaomkuta, yuko mashariki. Seomyeon iko wapi ukitoka Jurye? Mashariki moja kwa moja, vituo vichache tu vya treni ya chini. Nilikuwa naenda kutobolewa uso mbele ya pepo, na harusi ya mtoto ikiwa bado haijakubaliwa!

Wala msinicheke. Mimi niliolewa na kuhamia kwa mume wangu siku mbaya, kwa sababu lori lilikuwa la bure siku hiyo. Mwaka wa nne mume wangu naye akahama, bila mimi. Tangu hapo sichezi na kalenda.

Siku safi, ambazo pepo amepanda juu na hayuko upande wowote, ni zile zinazoishia na tisa na sifuri. Iliyofuata ilikuwa Jumatatu ya tarehe ishirini, ambayo kwa mwezi wa angani ni ishirini na tisa. Nikapiga simu kliniki.

"Lakini mama," nesi akasema, "shughuli yako si Jumamosi ya tarehe ishirini na tano? Vibandiko ni siku tano mpaka saba."

"Ishirini kwenda ishirini na tano ni ngapi?"

"Tano, ila..."

"Basi."

Niambie wewe, mtu akikupa tano mpaka saba, si utachukua tano? Boram sikumwambia. Nilimwambia dada Chunja peke yake, anayekaa dirishani hamamuni akipokea watu na kugawa taulo.

"We Pilsun," akasema, "siku ya pepo ni ya kuhama nyumba. Nani amekwambia ni ya uso?"

"Na uso si nyumba? Mimi naishi wapi?"

"Unaishi ghorofa ya tatu, tena unapika samaki wananuka ngazi nzima."

Huyo ndiye rafiki yangu.

Siku safi ikafika. Nilipakwa krimu ya ganzi uso mzima, nikafunikwa karatasi ya nailoni, nikalazwa dakika arobaini chumba kimoja na wanawake wengine wanne waliofunikwa vivyo hivyo. Tulikuwa kama mboga zilizosubiri friji. Mmoja alikuja kutoa masunzua ya shingoni, mwingine doa la tangu utotoni, mwingine vipunje kama mimi. Tulianza kusemezana kuhusu wakwe zetu kwa midomo isiyofunguka, na mwenye masunzua akacheka hadi nailoni ikamvuka. Nesi akatugombeza kama watoto wa chekechea.

Kisha ikawa zamu yangu. Macho nikafunikwa. Nilisikia mashine ikidonoa, tik, tik, tik, na harufu ya manyoya ya kuku yaliyobabuliwa, na kila baada ya tik kadhaa daktari alibonyeza kwa kijichuma chake. Haikuuma sana. Kilichoniuma ni hesabu, maana nesi alikuwa anahesabu kwa sauti, na alipopita ishirini nikaanza kuona haya.

"Thelathini na saba," akamaliza.

"Nionyeshe."

Akanisogezea kitambaa cha pamba. Vilikuwa vimelala pale, vyeupe, vimetulia, wala huwezi kuamini kuwa vilitoka kwa mtu. Nilivitazama kwa jicho la kazi, nikakubali kimoyomoyo kwamba yule kijana anajua kutoa nongo.

Wakanibandika vibandiko vya duara, thelathini na saba, nikapanda treni kurudi nyumbani. Hakuna aliyenishangaa. Busan hii, mwezi wa kumi, ukikaa kwenye treni utakuta kila behewa lina mwanamke mwenye vidoa usoni. Nilikaa nyumbani siku nne, likizo yangu ya kwanza tangu Boram azaliwe, na sikujua mtu hufanya nini kwenye likizo. Niliosha mapazia. Niliyaosha tena.

Jumamosi asubuhi nikasimama mbele ya kioo. Vigaga vilivyokuwa vimeanguka ni vinne.

Boram alikuja kunichukua na gari la Giwon. Aliponifungulia mlango alikuwa anatabasamu, kisha tabasamu likatoka polepole.

"Mama. Ulifanya lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

Boram akageuka akatazama kalenda juu ya pipa la mchele, akaona nilivyozungushia ile ishirini kalamu nyekundu. Huyu ni mtoto wangu, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama, kwa ajili ya pepo!"

"Kwa ajili yako!"

Alikaa kitini, akashika kichwa. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia, kwamba mama yake Giwon alikuwa mwalimu mkuu, kwamba anataka kila kitu kinyooke, na kwamba yeye Boram halali wiki ya pili hii akiwaza mama huyo atamwonaje. "Nikimkosa Giwon, Mama, sijui nitafanya nini. Nisaidie leo tu. Vaa barakoa. Tutasema una mafua." Akanipa ile barakoa kubwa nyeupe inayofunika kuanzia chini ya macho. Vibandiko vya juu nikavipaka poda. Nilikuwa mtulivu kabisa, kwa sababu mimi na Boram wote wawili tulisahau kwamba tunakwenda kula.

Mkahawa ulikuwa Dongnae, chumba cha faragha, meza ndefu ya chini. Wao walikuwa wamefika na treni kutoka Daegu: Mwalimu Noh, mama yake Giwon, mwembamba, mgongo umenyooka, kitambaa cha hariri shingoni, mumewe, aliyeinama, akaketi, akanyamaza, na Giwon aliyewapokea stesheni, kijana mzuri, anayetoka jasho. Tukainamiana sana. Mwalimu Noh akanipa pole ya mafua. Kisha mlango ukasukumwa na chakula kikaanza kuingia.

Kwanza uji wa boga. Nikavuta barakoa mbele kidogo, nikapitisha kijiko kwa chini, na uji wote ukaingia kwenye barakoa. Ulikuwa wa moto. Nikakaa nao hivyohivyo, nikitabasamu kwa macho.

Zikaja saladi za haradali, tambi za viazi, maandazi ya samaki ya kukaanga, mbavu za ng'ombe zilizopikwa hadi zinaachia mfupa, samaki mkavu wa kuchoma mzima. Nilikuwa na njaa ya kuua.

"Mama Boram, karibu mbavu," akasema Mwalimu Noh.

"Asante, nimeshiba."

"Samaki basi?"

"Nimeshiba kweli, Mwalimu."

Kwetu, mzazi wa binti kukaa kwenye meza ile na kusema ameshiba ni sawa na kusema mchukueni kijana wenu mwende naye. Nilijua hilo nilipolisema, na nilimtazama Boram aniokoe, naye akatikisa kichwa kidogo sana: usivue. Giwon akaanza kusifia hali ya hewa. Baba yake akala figili moja kwa muda mrefu. Chungu cha supu kikaendelea kutokota katikati yetu.

Mwalimu Noh akaweka kijiko chini.

"Mama Boram, mimi ni mtu wa kusema wazi, unisamehe. Tumetoka Daegu asubuhi. Hujagusa chakula, na hujatuonyesha uso wako. Kama mwanangu hakufai, niambie sasa hivi nikiwa nimekaa hapa. Usimwachie binti yako kazi ya kuja kumwambia kwa simu."

"Mama!" akasema Giwon.

"Nyamaza. Naongea na mzazi mwenzangu."

Boram alikuwa amekuwa mweupe kama ile barakoa. Bado alikuwa anatikisa kichwa. Lakini harusi ilikuwa inatoka mlangoni mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa na uji kidevuni. Nikavua.

Vibandiko thelathini na vitatu, vyote vimelegea kwa mvuke na jasho, na boga juu yake. Kimoja cha shavu la kushoto kikaachia taratibu, kikaanguka juu ya mgongo wa samaki. Sote watano tukakitazama.

"Leza," nikasema. "Nilikuwa na vipunje. Nilitaka niwapendezee."

Mwalimu Noh akavuta pumzi, na nikaona mabega yake yakishuka. "Basi ni hicho tu? Mimi nikadhani..." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. "Ah, lakini kwako ni rahisi, Boram alituambia uko kwenye biashara ya ngozi. Umefanyia kwako mwenyewe?"

Nilimwona Boram akifumba macho. Nikafikiri, Pilsun, umeharibu uso, sasa usiharibu na hili.

"Ndiyo," nikasema. "Kwangu. Ni mahali padogo tu, pale Jurye."

"Mashine ya leza unayo?"

"Ninazo mbili."

"Mbili!"

"Moja ya Ujerumani," nikasema. Sijui ilitoka wapi. "Na madaktari watatu. Mmoja yuko likizo."

"Mama, basi," akasema Boram.

"Likizo ya uzazi," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshika kasi.

"Mama. Basi."

Aliweka vijiti mezani vikiwa havijanyooka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu hana mashine. Anasugua watu hamamuni, pale Jurye, miaka ishirini na sita. Mimi ndiye niliyedanganya. Yeye hajui hata kudanganya, mnamwona mwenyewe, anadanganya vibaya, na anadanganya kwa ajili yangu, nami nimekaa hapa namwachia." Akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi. "Niliona aibu. Siyo yeye wa kuonewa aibu. Ni mimi."

Giwon akamshika mkono. Mwalimu Noh hakusogea.

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na nne," akasema. "Ile mashine ya Ujerumani niliijua hata kabla hujaimaliza, Mama Boram. Lakini wewe, binti, ulinitazama machoni miezi minane, na sikukugundua. Hilo ndilo linalonisumbua."

Alikuwa na haki ya kusema vile, naye alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa na njaa, uso unaniwasha, na mtoto wangu analia.

"Mwalimu, mwanangu alisema mambo ya ngozi. Nani anajua ngozi kuliko mimi? Yule daktari ana mashine, mimi nina mkono huu. Wewe tangu umeketi umejisugua mgongo kwenye hilo egemeo mara sita. Una ngozi kavu katikati ya mabega, pale mkono haufiki, na unaiosha kwa maji ya moto kupita kiasi, ndiyo maana haipoi. Huna anayekusugulia. Nimekosea?"

Nyuma ya kitambaa cha hariri, shingo ya Mwalimu Noh ikawa nyekundu.

"Dada yangu ndiye alikuwa ananisugulia," akasema. "Alifariki mwaka juzi."

Nikajuta ukali wangu. "Njoo kwangu basi," nikasema. "Ila mimi nimekatazwa mvuke wiki mbili."

"Nitamsugua mimi," akasema Boram.

Sote tukageuka. Alikuwa anajifuta pua kwa kitambaa cha mezani.

"Naweza. Nikubali, Mama Giwon, hata kama hujanisamehe bado. Leo hii."

Mwalimu Noh alimtazama kwa muda mrefu, vile walimu wanavyotazama mtoto wa nyuma aliyenyoosha mkono. Kisha akaitazama saa yake. "Treni yetu ni saa kumi na mbili jioni."

"Upande wa wanaume nao upo?" akauliza mumewe. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku nzima.

"Upo, baba," nikasema, na nikavuta sahani ya mbavu. Nilikula zote. Yule samaki hakuna aliyemgusa.

Saa tisa na nusu nilikuwa nimekaa nje ya pazia la upande wa wanawake, kwenye kigoda, kando ya dirisha la dada Chunja, kwa sababu ndani sikuruhusiwa. Boram alikuwa amepita mbele yangu akiwa ameshika glavu yangu ya kijani. Hakuniuliza iko wapi. Mwalimu Noh alimfuata na taulo lake, amenyooka vilevile, na pazia likarudi.

Chunja alitaka kujua kila kitu, lakini mimi nilikuwa nasikiliza. Kwanza maji. Kisha glavu ikaanza, na mwanzoni ilikuwa na haraka, ya mtu mwenye woga, nikawa nasema kwa midomo tu, taratibu mwanangu, kuanzia shingoni, usimchune. Ikatulia. Ikapata mwendo. Baada ya dakika kadhaa nikasikia makofi mawili ya kiganja chenye maji, pa, pa. Ndivyo sisi wasuguaji tunavyomwambia mteja ageuke. Mwalimu Noh akageuka, nikasikia kitanda cha mpira kikilia.

Hamamu ya Jumamosi haikosi watu. Yule bibi wa miaka tisini na tatu alikuwemo kwenye maji ya moto, kama kila Jumamosi, na masikio yake mazito yanamfanya apige kelele.

"We binti!" akaita. "Pilsun yuko wapi? Na wewe ni nani? Sijawahi kukuona humu!"

Glavu ikasimama. Nikasimama na mimi, mkono umeshika pazia. Chunja akaacha kuhesabu taulo.

"Mimi ni mtoto wake, bibi," Boram akasema.

"Nani?"

"Mtoto wa Pilsun!" akapaza sauti, ikagonga vigae vyote na kutoka hadi kwenye viatu vya wateja mlangoni. "Msuguaji! Huyo ndiye mama yangu!"